Kasa Aliyeitwa Bunduki

Mwaka 2017 wanafunzi wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, huko Marekani, walitengeneza kasa wa plastiki kwa mashine ya kuchapa vitu vya umbo kamili, wakamtia katika gamba na mapezi yake michoro ya rangi waliyokwisha kuipima kwa hesabu, kisha wakamweka mbele ya programu ya kutambua picha iliyokuwa miongoni mwa zile zilizosifika zaidi wakati huo. Mtoto yeyote wa Pwani, hata asiyejua herufi moja, angemtupia jicho kasa yule na kumtaja kwa jina lake; walakini programu ile, kasa alipogeuzwa upande huu na upande ule, akainuliwa na kuinamishwa, ilitoa karibu kila mara jibu moja, na jibu lenyewe lilikuwa kwamba kitu kilicho mbele yake ni bunduki.

Kisa hiki kimenikaa moyoni kuliko habari nyingi za kutisha nilizozisoma juu ya akili mnemba, kwa sababu hakina damu wala hakina adui, na kwa hiyo chaweza kutazamwa kwa utulivu mpaka mtu akaelewa ndani yake mna nini. Programu ya namna hii haioni kama tuonavyo sisi. Picha kwake ni jedwali la nambari, kila nukta ya rangi na nambari zake; hupewa picha mamia kwa maelfu ambazo watu wamekwisha kuzipa majina, hii mbwa, hii merikebu, hii bunduki, nayo hurekebisha mizani zake za ndani kidogo kidogo, mara zisizohesabika, hata majibu yake yalingane na majina iliyofundishwa. Watu hao wa kuzipa picha majina ni vibarua, na baadhi ya vibarua wa kazi hiyo wako Nairobi, ambako hushinda mbele ya kompyuta wakichora visanduku kuzunguka magari na watu waendao kwa miguu. Basi anayesema kwamba mashine imejifunza yenyewe asiisahau mikono iliyoifunza. Mafunzo yakiisha, mashine haijui kasa ni kitu gani: haijui kwamba ana uhai, kwamba hupanda ufukweni usiku kutaga mayai yake mchangani, kwamba nyama yake pengine humdhuru mlaji. Ijualo ni kwamba mpangilio fulani wa nambari umekaribiana na fungu hili kuliko fungu lile, na mtu azijuaye nambari hizo aweza kuzipotoa kwa michoro ambayo jicho la mwanadamu huihesabu kuwa pambo tu.

Sasa mtambo huo uondoe juu ya meza ya wanafunzi, uutie ndani ya ndege ndogo isiyo na rubani iliyobeba baruti, kisha uuache uende zake.

Wahaka walio nao watu wa mataifa mengi juu ya jambo hili si wa kudhaniwa tu, maana umekwisha kupimwa. Mwaka 2018 kampuni ya utafiti ya Ipsos iliwauliza watu wa nchi 26 maoni yao juu ya silaha zinazochagua shabaha na kuishambulia pasipo mkono wa mtu, na watu 61 katika kila mia wakajibu kwamba wanazipinga. Wapo wataalamu ambao hulichukulia jibu la namna hiyo kuwa ni hofu ya wasiojua, iliyotiwa vichwani na filamu za senema; na kweli filamu zina sehemu yake. Neno roboti lenyewe lilizaliwa katika tamthilia ya Karel Čapek, Mcheki, iliyochezwa Prague mwaka 1921, na asili yake ni neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya kulazimishwa, ile ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la shokoa. Katika tamthilia hiyo watumishi wa shokoa huwaasi mabwana zao na kuwaangamiza, na tangu siku hizo fikira za watu zimezoea kupita njia hiyo hiyo, zikiingoja siku ambayo mashine itaamka, itajitambua, na kutuchukia.

Mimi naona hofu hiyo imekaa ikilinda mlango ambao mwizi haji. Mashine haina chuki, wala hatuna sababu ya kutazamia kwamba itakuwa nayo. Chombo cha vita kinachostahili kutukosesha usingizi ni kile kitakachotii: kitakachotii upesi, barabara, bila ya kusita hata nukta moja, amri iliyoandikwa na mtu asiyekuwapo, juu ya mahali asipopaona, dhidi ya mja asiyemjua jina wala sura.

Na chombo cha aina hiyo si kigeni kwetu kama tunavyodhani. Bomu la kutegwa ardhini ni silaha ijiamuliayo yenyewe, ingawa uamuzi wake ni wa kijinga kupita kiasi: uzito ukifika kadiri fulani, hulipuka, na haliulizi kama uzito huo ni wa askari, wa ng'ombe au wa mwanamke aliyejitwika kuni. Fauka ya hayo halijui kwamba vita vimekwisha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Msumbiji vilimalizwa kwa mkataba wa mwaka 1992, lakini nchi ile haikutangazwa kuwa imesafishwa mabomu yaliyojulikana mpaka Septemba 2015, na kwa miaka 23 hiyo silaha zile ziliendelea kutii amri ambayo walioitoa walikuwa wamekwisha kuweka sahihi ya amani. Tanzania ina sehemu njema katika kuyaondoa mabomu ya namna hiyo, kwani ni Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ambako shirika la APOPO limekuwa likiwafunza panya buku kunusa baruti iliyofukiwa. Panya mwepesi hupita juu ya bomu lisifyatuke, hukwaruza udongo mahali aliponusa, na kwa nusu saa humaliza eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi ambalo mtu mwenye kifaa cha kupimia chuma aweza kulifanyia kazi siku kadhaa. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania akapelekwa Kambodia, alitunukiwa nishani ya dhahabu ya shirika la Uingereza la PDSA mwaka 2020, na kabla ya kufa Januari 2022 alikuwa amegundua mabomu na vilipuzi zaidi ya mia moja. Naandika habari za panya huyu kwa heshima kamili. Ilihitajiwa pumzi ya kiumbe hai, na subira ya waliomfunza, kuipa silaha ile ya upofu kikomo ambacho waundaji wake hawakuipa.

Mkataba wa Ottawa wa mwaka 1997 uliyaharimisha mabomu hayo. Lakini wakati dunia ikiliharimisha lile lingojalo, maarifa yalikuwa yakielekea kwenye lile litafutalo. Mwaka 2021 jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti juu ya vita vya Libya, na humo likaeleza kwamba mwaka uliotangulia majeshi ya jemadari wa Libya, Khalifa Haftar, yaliyokuwa yakirudi nyuma yaliwindwa na vyombo vya angani visivyo na rubani, vikiwamo vya aina ya Kargu-2 vilivyoundwa Uturuki, na kwamba silaha hizo ziliwekewa programu ya kushambulia pasipo kuhitaji mawasiliano na aliyezirusha. Ripoti haikusema bayana kwamba mtu fulani aliuawa kwa uamuzi wa mashine peke yake, nami sitaiongezea neno. Yatosha kwamba jambo lilitajwa kuwa limetokea, na kwamba lilitajwa kuwa limetokea katika ardhi ya Afrika.

Ili kufahamu ni kitu gani hasa kinachopotea mtu anapotolewa katikati ya mtambo na mauti, sijaona kisa kilicho bora kuliko cha Stanislav Petrov, luteni kanali wa jeshi la Kisovieti, ambaye usiku wa kuamkia tarehe 26 Septemba 1983 alikuwa zamu katika kituo cha Serpukhov-15, kusini ya Moscow. Kazi ya kituo hicho ilikuwa kupokea habari za setilaiti zilizokuwa zikiangalia viwanja vya makombora ya nyuklia ya Marekani. Majira yenyewe yalikuwa mabaya: wiki tatu tu kabla ya hapo Wasovieti walikuwa wameiangusha ndege ya abiria ya Korea na kuua watu 269, na kila upande ulikuwa ukiutazama mwingine kwa tuhuma kubwa kupita kawaida. Baada ya saa sita za usiku king'ora kikalia, na kioo kikaandika kwa herufi nyekundu kwamba kombora limerushwa. Kisha likafuata la pili, la tatu, la nne na la tano. Kompyuta ilipoulizwa ina yakini kiasi gani, ikajibu kwamba yakini yake ni ya daraja la juu kabisa.

Petrov alikuwa na simu, na wajibu wake ulikuwa kupeleka habari juu, kwa watu ambao nao wangekuwa na dakika chache tu za kuamua kama wajibu kwa makombora yao. Akapiga simu, na akasema kwamba mtambo umekosea. Alisema hivyo hali hajui. Baadaye, alipokuwa mzee, alikiri kwamba yakini yake ilikuwa nusu kwa nusu. Ila alijua kwamba mtambo ule ni mpya na ulifanywa kwa haraka, aliona kwamba rada za ardhini hazikuonyesha kitu, na, jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote, aliwaza kwamba taifa lenye maelfu ya makombora halianzi vita vya kuangamiza dunia kwa kurusha matano. Dakika zikapita, wala hakuna kilichoanguka. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba setilaiti zilidanganywa na mwanga wa jua uliorudishwa na mawingu ya juu.

Fikiri, msomaji, ile hoja ya makombora matano ilitoka wapi. Haikuwamo katika setilaiti, wala haikuwamo katika programu, maana programu iliandikwa itambue mwali wa moto, na mwanga ilioupata ulifanana na mwali wa moto. Kwa kipimo chake mtambo haukukosea. Hoja ile ilitoka nje ya mtambo kabisa, katika maarifa ya mtu aliyejua wanadamu huogopa vipi na huanzaje vita, na hoja hiyo ilipata nafasi ya kuja kwa sababu mtu huyo alisita. Katika kusita kule ndimo tulimopona sote, pamoja na sisi tuliokuwa mbali, huku kusini ya ikweta, ambao makombora yale hayakutulenga lakini majivu yake yasingalituuliza uraia wetu.

Insafu yanitaka niseme na maneno ya upande wa pili, ambayo si mepesi. Ronald Arkin, mtaalamu wa roboti wa Chuo cha Teknolojia cha Georgia, amekuwa akihoji kwa miaka mingi kwamba roboti yaweza kuwa na adabu ya vita kuliko askari, kwa kuwa haiogopi, haina ndugu wa kumlipia kisasi, na haihitaji kufyatua risasi kwanza ili kuiokoa nafsi yake. Mwenye kuitetea hoja hiyo aweza kuleta msiba wa tarehe 3 Julai 1988 katika Mlango wa Hormuz, ule ule ambao majahazi ya Ghuba yaliyoshuka kwa kaskazi mpaka Lamu na Unguja yaliupita dahari na dahari. Manowari ya Marekani iitwayo Vincennes, ikiwa katikati ya mapambano na mashua za Iran, iliitungua ndege ya abiria iliyotoka Bandar Abbas kwenda Dubai, na watu wote 290 waliokuwamo wakafa. Kompyuta za manowari ile, zilizokuwa za hali ya juu kabisa kwa zama zake, ziliandika sawasawa kwamba ndege ilikuwa ikipanda; mabaharia, kwa hofu na ghasia, waliripoti kwamba ilikuwa ikishuka kuwashambulia. Hapa mashine ndiyo iliyosema kweli na watu ndio waliokosea.

Naikubali hoja hii pale inapofika, lakini nauliza ni kwa nini Petrov alifaulu na mabaharia wale wakashindwa, hali wote walikuwa watu na wote walikuwa na kompyuta mbele yao. Tofauti moja ni hofu, kwa kuwa mabaharia walikuwa tayari wanapigana. Nyingine ni muda: tangu ndege iliporuka mpaka ilipopigwa zilipita dakika zipatazo saba tu, na aliyekuwa na idhini ya kufyatua ilimpasa, katika sehemu ya dakika hizo, asikilize sauti nyingi kwa pamoja huku mtambo wake ukimhimiza kwa wepesi wake wenyewe. Kuwako kwa mtu hakukuwa na faida, maana mwanya wa kusita ulikuwa umekwisha kubanwa.

Miaka 15 baadaye mwanya huo ukabanwa zaidi. Tarehe 23 Machi 2003, vita vya Iraki vikiwa vichanga, mtambo wa kurushia makombora wa Kimarekani uitwao Patriot, uliowekwa Kuwait, uliiona ndege ya kivita ya Uingereza aina ya Tornado iliyokuwa ikirejea kituoni, ukaihesabu kuwa ni kombora la adui. Askari waliokaa kwenye mtambo ule walikuwa na uwezo wa kuukataza. Walikuwa pia wamefunzwa kujibu upesi na kuuamini, na muda waliokuwa nao haukuzidi kiasi cha dakika moja. Hawakuukataza, na marubani wote wawili wakafa. Siku kumi baadaye, tarehe 2 Aprili, Patriot ikaiangusha ndege ya jeshi la majini la Marekani lenyewe, na rubani wake akafa. Kila mahali hapo palikuwa na mtu, kiti, kioo na kitufe, kama kanuni zinavyotaka, na mwenye kuandika taarifa angeweza kuandika kwa ukweli kwamba binadamu alikuwa msimamizi.

Kwa hiyo nasikitika nionapo mjadala wa ulimwengu ukisimama katika swali la kama mtu yumo au hayumo. Mtu aliyepewa sekunde kumi za kumpinga mtambo uliokwisha kusema adui, ambaye haonyeshwi mtambo umeona nini, na ambaye akikosea kwa kukataa ataadhibiwa ilhali akikosea kwa kukubali atasamehewa, huyo amewekwa pale ili lawama ipate pa kutua. Na bila yake mas'ala ya lawama huwa magumu zaidi. Christof Heyns, mwanasheria wa Afrika ya Kusini aliyekuwa mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa juu ya mauaji yasiyo ya haki, aliliambia Baraza la Haki za Binadamu mjini Geneva mwezi Mei 2013 kwamba mataifa yasimamishe kwanza uundaji wa silaha hizo, na mojawapo ya sababu zake ilikuwa hii: ikiwa mashine imeua isivyo halali, mshitakiwa ni nani? Jemadari atasema hakuchagua shabaha, mwandishi wa programu atasema hakuwapo vitani, mwenye kiwanda atasema aliuza chombo kizima. Mashine yenyewe haifungiki gerezani, wala haina jamaa wa kuona haya kwa ajili yake.

Wale wanaoudharau wahaka wa raia husahau kwamba sheria ya vita yenyewe imeupa wahaka huo kiti. Katika mkutano wa The Hague wa mwaka 1899, mwanasheria wa Urusi Fyodor Martens alitia katika mkataba kifungu kisemacho kwamba, pale ambapo sheria iliyoandikwa haijafika, watu wabaki chini ya ulinzi wa kanuni za utu na matakwa ya dhamiri ya umma. Dhamiri ya umma, basi, ni hoja ya kisheria. Watumishi zaidi ya 3,000 wa kampuni ya Google walipotia sahihi barua mwaka 2018 kuipinga kazi ya kuisaidia wizara ya ulinzi ya Marekani kuchambua picha za droni kwa akili mnemba, dhamiri hiyo ilisema, na kampuni haikuurefusha mkataba ule. Ila mwezi Februari 2025 kampuni hiyo hiyo iliiondoa katika kanuni zake ile ahadi ya kutotumia akili mnemba kwa silaha. Serikali nazo zimekuwa zikilizungumza jambo hili mjini Geneva tangu mwaka 2014, katika kikao ambamo haliamuliwi neno mpaka wote wakubali, na ambacho kwa hiyo mkaidi mmoja aweza kukizuia. Mwezi Desemba 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio juu ya silaha hizi kwa kura 152 dhidi ya 4, na mwaka uliofuata jingine kwa kura 166 dhidi ya 3. Katibu Mkuu, António Guterres, ametaka mkataba wenye nguvu ya sheria upatikane ifikapo mwaka 2026.

Wajumbe wetu wa Afrika ya Mashariki wana haki ya kusema katika vikao hivyo kama wajumbe wa nchi zinazoziunda silaha hizo, na pengine wana sababu zaidi, kwa kuwa silaha hujaribiwa mara nyingi katika nchi zisizoziunda. Ningekuwa na njia ya kumfikia mmoja wao, ningemsihi kwamba kwa kila chombo kitakachotajwa mezani aulize: tangu mtambo utamkapo neno adui hata kombora litoke, ni sekunde ngapi, na katika sekunde hizo ni nani aliyeruhusiwa kusema hapana bila ya kuharibu maisha yake?

Petrov hakuharibiwa, lakini hakushukuriwa pia. Wakubwa wake walimkaripia kwa kuwa daftari la zamu la usiku ule lilikuwa tupu, naye akawajibu kwamba mkono mmoja ulikuwa umeshika simu, wa pili umeshika chombo cha kusemezana na watu wake, wala yeye hakuumbwa na mkono wa tatu.